Mtoto anasoma, ni vizuri. Lakini anasoma nini?

Hapa Bukavu, mtoto akionekana na kitabu mkononi, nyumba yote inafurahi. Baba anamsifu, jirani anamsifu, mama anapunguza sauti ya redio kusudi mtoto asisumbuliwe. Ni mara chache mtu anauliza kitabu chenyewe kinaitwa namna gani na kinasimulia nini. Kusoma ni jambo zuri, basi kila kitabu ni kizuri: njo namna wengi wetu tunafikiri. Upande mwingine kuna wazazi wanaoona kwamba riwaya, ao romani kama tunavyosema siye, ni mambo ya uvivu na ya mapenzi tu, heri mtoto arudilie hesabu yake. Wa kwanza wanaacha vyote vipite. Wa pili wanakataza vyote. Na mtoto wa miaka 13 anabaki kusoma peke yake, kwa wazi ao kwa kujificha, pasipo mtu wa kumuuliza.

Mwanzo wa mwaka wa masomo, wazazi wanahangaika na minervali, iniforme na madaftari. Riwaya haimo ndani ya hesabu. Hata hivyo vitabu vinafika, na njia zake ni nyingi. Kuna vile vya mitumba, vilivyotoka Ubelgiji na Ufaransa ndani ya makartoni, cha watoto na cha wakubwa vikiwa pamoja. Kuna zawadi za paroasi na za mashirika. Kuna kitabu ambacho kaka mkubwa alileta kutoka ISP ao kutoka université, akakiacha juu ya meza, mdogo wake akakiokota. Na siku hizi kuna simu: faili moja inapita ndani ya kikundi cha WhatsApp cha darasa, na jioni watoto arobaini wako nayo, mzazi hajaona hata jina lake.

Basi, mzazi, mwalimu ao dada mkubwa achague namna gani? Hatuandiki hapa kusudi kuwatia watu woga wa vitabu. Tunataka kutoa vipimo vichache ambavyo mtu anaweza kutumia leo leo, hata kama franka ni kidogo na hata kama Kifaransa chake si kingi.

Mstari wa herufi ndogo

Chukua kitabu cha watoto kilichochapwa Ufaransa, uangalie kurasa za mwanzo ao za mwisho, pale penye jina la mchapishaji na tarehe. Mara nyingi utaona mstari wa herufi ndogo unaotaja sheria nambari 49-956 ya tarehe 16 Julai 1949, juu ya machapisho yanayokusudiwa vijana. Watu wanauruka. Kumbe kwa mzazi mstari ule unasema jambo la kwanza la maana: mwenye kuchapa kitabu hiki aliwaza watoto. Kama mstari hauko, kitabu si lazima kiwe kibaya. Lakini inawezekana kiliandikwa kwa watu wakubwa, kwa hiyo angalia zaidi mbele ya kumupa mtoto.

Sheria ile ilifanywa miaka minne baada ya vita kuu. Vile ilivyoandikwa mwanzo, ilikataza vitabu vya watoto kuonyesha kwa uzuri ujambazi, uongo, wizi, uvivu, woga, chuki na uasherati. Shika vizuri maneno yale: kuonyesha kwa uzuri. Sheria haikusema kwamba mwizi asionekane ndani ya hadithi. Hata hadithi za koko zetu ziko na fisi mwizi, na zimwi linalomeza watu, na mke wa baba anayenyima mtoto chakula. Hakuna aliyesema hadithi zile zinaharibu watoto, sababu kila aliyezisikiliza alijua mwishoni nani alikosa na nani aliumia.

Hicho njo kipimo chetu cha kwanza, na tutakirudilia: ubaya ukiwa ndani ya kitabu, kitabu kinausifu, ao kinaonyesha bei yake?

Kava inasaidia, lakini inaweza kudanganya

Wachapishaji wengine wanarahisisha kazi. Nyumba ya L'École des loisirs, ya Paris, iko na mkusanyo unaoitwa Neuf, wa watoto kuanzia miaka 9 hivi, na mwingine unaoitwa Médium, wa vijana waliokwisha kuingia sekondari. Gallimard wako na Folio Junior kwa watoto. Hapa angalia vizuri: Folio bila neno Junior ni vitabu vya wakubwa. Majina yanafanana, na katika rundo la mitumba mtu anaweza kukosea haraka.

Kuna kava ambazo hata asiyesoma anazijua. Vitabu vya SAS vya Gérard de Villiers, vilivyoanza mwaka 1965 na kufika 200, vinajulikana kwa picha ya mwanamke mwenye silaha. Ndani yake mna upelelezi, mateso na ngono iliyoandikwa wazi. Mtu mkubwa atasoma akipenda, lakini mtoto wa darasa la saba hana kazi navyo.

Jina la mwandishi peke yake pia halitoshi. In Koli Jean Bofane, mwandishi wa kwetu Congo, alitoa mwaka 1996 kitabu cha watoto, Pourquoi le lion n'est plus le roi des animaux, ambacho mtoto wa shule ya msingi anaweza kukifurahia. Mwandishi yule yule alitoa mwaka 2014 Congo Inc., riwaya kali juu ya Congo ya leo, yenye kurasa za unyanyasaji zinazomuumiza hata msomaji mkubwa. Mzazi aliyependa cha kwanza, akanunua cha pili kwa sababu ya jina tu, atashituka. Tram 83 cha Fiston Mwanza Mujila, kilichotoka mwaka ule ule wa 2014, nacho kilipata sifa nyingi nje ya inchi. Ni kitabu cha usiku, cha baa na cha wachimba madini, kingoje mpaka msomaji awe mkubwa.

Mtego mwingine ni huu: mtoto akiwa msimulizi, watu wanafikiri kitabu ni cha watoto. Si lazima iwe vile. Ndani ya Allah n'est pas obligé cha Ahmadou Kourouma, cha mwaka 2000, anayesimulia ni Birahima, kijana mdogo. Anasimulia vita vya Liberia na Sierra Leone, akitukana karibu kila ukurasa. Ni mtoto anayesema, lakini anawasemea wakubwa pia.

Vita ndani ya kitabu, vita nje ya dirisha

Hapa tunafika kwenye jambo gumu. Birahima ni yule sisi tunamuita kadogo. Bukavu haihitaji kufasiriwa neno hilo. Katika muji huu kila kizazi kiko na mwaka wake: mmoja atakuambia 1996, mwingine 2004, na watoto wa leo watasema Februari 2025. Mwalimu wa Paris anaweza kujiuliza kama mtoto yuko tayari kujua kwamba vita iko. Mwalimu wa Kadutu ao wa Bagira hana swali lile. Mtoto wake anajua. Swali lake ni lingine: kitabu hiki kitamsaidia kupanga yale aliyoyaona, ao kitamrudisha pale pale bila mkono wa kushika?

Kuna jambo moja la kufikirisha. Ufaransa, tangu mwaka 1988, kuna zawadi ya vitabu inayotolewa na wanafunzi wa lycée wenyewe, karibu 2.000 kila mwaka: Goncourt des lycéens. Mwaka 2000, wanafunzi wale walichagua kitabu cha Kourouma. Mwaka 2016, walichagua Petit Pays cha Gaël Faye. Vyote viwili vinasimulia vita kwa mdomo wa mtoto. Hiyo inatuonyesha kwamba vijana wa miaka 16 ao 17 hawakimbii mambo mazito. Lakini tukumbuke pia kwamba walisoma darasani, pamoja na walimu, wakibishana kwa wiki nyingi. Hakuna aliyeachwa peke yake na kitabu usiku.

Petit Pays kiko karibu sana na sisi. Gaby anaishi Bujumbura, mama yake ni Munyarwanda, na mwanzoni familia inavuka mpaka kuja kumtembelea rafiki hapa Bukavu, kando ya ziwa. Msomaji wa kwetu atatambua barabara, hewa na hata namna ya kusema ya watu. Kisha vita inakuja, na kuna kurasa ambazo mama anasimulia maiti alizozikuta Rwanda. Zile ni ngumu kweli. Ndani ya kitabu kile kile mna jirani mmoja, bibi wa Kigiriki, anayemuazima Gaby vitabu, na vitabu vile vinamfungulia mtoto mahali pa kupumua wakati mitaa inafungwa. Kwa mawazo yetu, ni kitabu cha kuanzia miaka 15, kisomwe pamoja na mtu mkubwa anayeweza kuzungumza juu ya 1994 bila kuchochea chuki juu ya kabila lolote. Kama mtu mkubwa wa aina ile hayuko, heri kingoje.

Johnny chien méchant cha Emmanuel Dongala, cha mwaka 2002, kinasimuliwa na vijana wawili wenye miaka 16. Johnny ni mwanamgambo anayeua na kubaka. Laokolé ni msichana anayekimbia vita akimsukuma mama yake ndani ya brueti. Wasichana wengi wa mukoa huu watajiona ndani ya Laokolé. Lakini sauti ya Johnny inachukua nusu ya kitabu, kwa hiyo ni cha mwisho wa humanite, wala si mbele.

Na kama kijana ameshaanza kitabu cha vita, kisha unaona halali vizuri, amenyamaza, ao anasoma ukurasa mmoja tena na tena? Mwambie anaweza kukiacha. Kukatiza kitabu si kushindwa. Umuulize alifika wapi na nini kilimgusa. Kisha kiweke mahali pa wazi, bila kumkemea. Kijana akiona umekichoma ao umekificha, ataelewa kwamba yale aliyoyaona yeye mwenyewe ni mambo ya aibu pia.

Mapenzi, mwili na Rosa Mistika

Wazazi wetu wanaogopa zaidi kurasa za mapenzi kuliko kurasa za damu. Tuseme ukweli: mama anaweza kuacha mtoto aangalie filimu ya watu kumi kuuawa, lakini busu moja ikitokea, anazima televisheni.

Waswahili wenzetu wa Tanzania walipitia jambo hili zamani. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, alitoa riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika. Inasimulia msichana aliyelelewa na baba mlevi na mkali, anayempiga sababu tu kijana alimuandikia barua. Rosa anafika shule ya bweni pasipo mtu kumfundisha lolote juu ya wanaume, anapotea, na mwisho wake ni kifo. Kitabu kilikatazwa mashuleni, watu wakisema ni kichafu. Miaka ya baadaye kiliruhusiwa, na kikasomwa hata darasani. Aliyekisoma vizuri anaona kwamba Kezilahabi alikuwa anawaonya wazazi wenyewe: baba yule alidhani ukimya na fimbo vinatosha.

Makatazo hayajaisha. Februari 2023, Wizara ya Elimu ya Tanzania ilipiga marufuku vitabu 16 katika mashule, kati yao mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid wa Mmarekani Jeff Kinney, ikisema vinaenda kinyume na maadili. Kila serikali iko na haki ya kuchunguza vitabu vya shule. Lakini orodha ya 16 haiwezi kumsaidia mama wa Panzi ambaye mtoto wake ameshika kitabu cha 17.

Kwetu, sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamhesabu kuwa mtoto kila mtu asiyefikisha miaka 18, na inatoa azabu kwa anayemuweka mtoto mbele ya ponografia. Pale hakuna mjadala. Ila riwaya nyingi ziko mbali na ponografia, na zinahitaji akili kidogo zaidi.

Turudilie kipimo chetu. Weka pembeni yake vitabu viwili. Cha kwanza ni Une si longue lettre cha Mariama Bâ, cha mwaka 1979. Ndani yake binti mwanafunzi anapata mimba. Mama yake, mjane, anaumia sana, kisha anamkumbatia wala hamfukuzi. Cha pili ni kile kiromani cha mapenzi cha bei ndogo, chenye kava ya waridi, hakina damu wala matusi. Lakini katika vingine vya zamani, mwanaume anamshika mwanamke kwa nguvu, na kitabu kinatuambia kwamba huo njo upendo wa kweli. Kipi ni hatari zaidi kwa msichana wa miaka 14? Tuko katika muji wa hospitali ya Panzi, ambapo Daktari Denis Mukwege, aliyepewa zawadi ya Nobel ya amani mwaka 2018, ametibu wanawake waliotendewa kwa nguvu tangu 1999. Kitabu kinachosifu nguvu ya namna ile, hata kikiwa na maua kwenye kava, hapa kwetu si mchezo.

Uchawi nao

Kuna kitu kingine ambacho orodha za Ulaya hazikiwazi. Zamenga Batukezanga, aliyependwa sana na wasomaji wa Congo, aliandika mwaka 1973 Bandoki, juu ya imani ya wachawi. Paul Lomami Tshibamba alifungua njia mwaka 1948 na Ngando, hadithi ya mtoto anayechukuliwa na mamba aliyetumwa, na ya baba anayejaribu kumrudisha. Ni vitabu vyetu, na ni vizuri kuvijua. Lakini tunaishi katika inchi ambamo mtoto anaweza kufukuzwa nyumbani sababu mtu fulani amesema ni mchawi. Sheria ile ya 2009 inatoa azabu kwa mtu anayemshitaki mtoto hivyo. Mwalimu anayetoa Ngando darasani azungumze jambo hilo mbele ya kuanza. Na kile kijitabu kinachofundisha namna ya kumtambua mtoto mchawi, kisiingie nyumbani.

Na mzazi asiyesoma Kifaransa?

Wazazi wengi watasema hapa: haya yote ni ya watu waliosoma. Mimi nauza makala na sambaza, Kifaransa cha kitabu sikijui. Nitachagua namna gani?

Mtoto wako anajua Kiswahili, ao Mashi, ao Kilega. Basi akusimulie. Jioni, mkipepeta mchele ao mkingoja umeme urudi, mwambie akuelezee alipofikia. Usiulize kama kitabu ni kizuri, atajibu ndiyo tu. Uliza hivi: Nani anatendewa vibaya ndani yake? Mwenye kuandika anamhurumia ao anamcheka? Ukurasa gani uliruka, ao ulisoma mara mbili? Wewe ungefanya nini pahali pake? Kwa majibu yale, mama ambaye hajafungua kitabu atajua mengi kuliko baba aliyesoma kava peke yake. Na mtoto anayesimulia kwa lugha ya nyumbani yale aliyosoma kwa Kifaransa anaelewa mara mbili.

Mashule nayo yanaweza kufanya jambo la bei ndogo sana: daftari moja ndani ya biblioteki. Kila mwalimu anayemaliza riwaya anaandika mistari mitatu: jina la kitabu, darasa analoona linafaa, na ukurasa wenye mambo magumu. Mwalimu mpya anakuta kazi imekwisha kuanza. Mzazi akija kulalamika, prefe anafungua daftari, wanazungumza juu ya kitabu chenyewe kuliko juu ya maneno ya watu.

Pa kuanzia

Kwa watoto wa miaka 9 mpaka 11: La Belle Histoire de Leuk-le-Lièvre cha Senghor na Sadji, cha 1953, sungura mwerevu ambaye hata koko angemtambua, pamoja na simba wa Bofane.

Miaka 12 mpaka 14: L'Enfant noir cha Camara Laye, cha 1953. Kuna sura ya tohara, iliyoandikwa kwa heshima. Kisha Sous l'orage cha Seydou Badian, cha 1957: Kany anampenda Samou, baba yake amekwisha kumchagulia mwingine. Nyumba nyingi za hapa ziko na hadithi ile.

Miaka 15 na zaidi: Ngando, Une si longue lettre, na Petit Pays pamoja na mtu mkubwa.

Mwisho wa humanite: Une vie de boy cha Ferdinand Oyono, cha 1956, chenye ukatili wa wakoloni na mambo ya ndoa zao, kisha Kourouma na Dongala.

Miaka tuliyoandika ni kipimo tu, mtoto mmoja anakomaa mbele ya mwingine. Mnaomjua njo ninyi. Na sababu vitabu ni vichache kwetu, kitabu kikimalizika kisilale kabatini. Kipite kwa mtoto wa jirani, pamoja na kikaratasi ndani yake: wangu alikisoma akiwa na miaka 14, ukurasa fulani tulizungumza pamoja.